Kwa nini Amani na Maziwe vilionekana vitupu

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Dodoma. Juni mwaka jana mimi na mume wangu tulipanda Amani, msitu wa hifadhi milimani Usambara Mashariki, tukatembea humo kutwa nzima tangu saa nne asubuhi, tukaona miti, na tena miti, na kima mmoja aliyekimbia. Siku mbili baadaye tulishuka Pangani tukapanda boti kwenda Maziwe kutazama samaki wa mwamba wa matumbawe. Tulifika kama saa sita, tukaingia majini saa saba, mkondo ukatuburuta, mchanga ulikuwa umetibuka hadi nisione vidole vyangu, mume wangu akameza maji na tukarudi kwa hasira. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu na bahari ilipendeza mno. Mikumi tuliona simba na tembo kwa muda wa saa tatu tu. Je, wanyama wa misitu na wa miamba wamekwisha, au sisi ndio hatujui kutazama? Tunataka kurudi Desemba au Juni, na safari hii tutakuwa na binti yetu wa miaka tisa.

Jibu: Mwalimu, wanyama hawajaisha, na macho yenu hayana kasoro. Mlichokosea ni kuutazama msitu na mwamba wa matumbawe kwa namna ile ile mliyoitazama Mikumi. Mbugani mtazamaji ndiye anayesafiri na mnyama ndiye anayekaa mahali pa wazi: nyasi ni fupi, jua ni kali, mnyama ni mkubwa, na gari analolizoea halimshtui. Msituni na chini ya bahari mambo hugeuka, kwa maana huko mtazamaji ndiye anayepaswa kukaa na mnyama ndiye anayepita. Kutembea kutwa nzima ndiko kulikowakosesha, kwa sababu kila hatua iliyokanyaga majani makavu iliwatangaza kwa kila kiumbe aliyekuwa mbele yenu, na mliyemwona ni yule mmoja aliyechelewa kuondoka.

Nianze na Amani. Hifadhi hiyo ya mazingira asilia, iliyotangazwa mwaka 1997 katika Usambara Mashariki, ni msitu wa mvua wa kweli, unaopokea karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kutokana na pepo zenye unyevu zinazotoka baharini na kugonga milima. Miti yake mikubwa hupita mita 30 kwenda juu, na vichwa vyake hufungana kiasi kwamba ni asilimia chache tu ya mwanga wa jua inayofika chini mlipokuwa mkitembea. Majani mabichi, maua na matunda yako juu kwenye mwanga, kwa hiyo walaji wake wako huko huko. Aliye chini amesimama, kwa mfano, kwenye ghorofa ya chini ya jengo refu ambalo wakazi wake wote wanaishi juu na hawana haja ya kushuka. Ndiyo maana mtu anayetembea huku akitazama njia anaweza kupita chini ya familia nzima ya mbega asijue.

Mbega weupe wa Usambara, wenye manyoya meusi na mabega ya mvi ndefu nyeupe, hula majani zaidi, na majani hayana nguvu nyingi. Matumbo yao yana sehemu kadhaa ambamo bakteria huchachusha chakula hicho polepole, hivyo mbega hutumia sehemu kubwa ya siku wakiwa wamekaa tu, tumbo likifanya kazi. Baada ya usiku wa baridi, na Juni Amani kuna baridi kweli, hupanda kwenye matawi ya juu yanayopigwa na jua la kwanza na kulikalia kifua wazi. Mtu aliyesimama penye uwazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, akitazama vilele vya upande wa magharibi ambavyo jua huvifikia kwanza, huwaona bila jasho. Nyinyi mliingia msituni saa nne, wakati wao wamekwisha kushuka kwenye kivuli.

Swali linalofuata ni wapi penye uwazi, na hapa Amani ina neema ambayo misitu mingine haina, nayo ni mashamba ya chai. Mpaka wa chai na msitu ni kama baraza: mbele yako ni zulia la kijani lenye kimo cha kiuno, na ng'ambo yake ni ukuta wa msitu uliokatwa wima, unaoonesha ghorofa zake zote kuanzia mizizi hadi vilele, na mwanga umeuangukia wote. Mimi nikiwa na saa mbili tu Amani, sizitumii ndani ya msitu. Huzitumia kwenye ukingo huo, nimekaa juu ya jiwe, jua likiwa mgongoni. Watazamaji ndege kutoka nchi za mbali huja kusimama kwenye kingo hizo hizo kumtafuta ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba, Artisornis moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi Amani tangu mwaka 1928. Ndege huyo anajulikana Usambara Mashariki na sehemu moja ya kaskazini mwa Msumbiji. Huenda msimwone, kwa kuwa hupenda mivurugano ya mimea inayotambaa, lakini si vibaya kujua kwamba kichaka kilicho mbele yenu kina mtu wake.

Mkitaka kuingia ndani ya msitu, na inafaa kuingia, basi badilisheni lengo. Msiende kutafuta mnyama, tafuteni kitu ambacho mnyama atakifuata, kisha mkae hapo. Cha kwanza ni mkuyu wenye matunda yaliyoiva. Mikuyu haizai kwa pamoja kama maembe. Kila mti una wakati wake, kwa hiyo wakati wowote katika mwaka kuna mmoja unaozaa mahali fulani, na wenyeji wa vijiji vya jirani wanaujua. Ndiyo sababu napenda kumwambia mwongozaji, kabla hata ya kujadili njia, "Nipeleke kwenye mti unaodondosha matunda wiki hii." Dalili mtaiona ardhini: matunda yaliyoumwa nusu, harufu ya uchachu, nzi wadogo. Kaeni kando umbali wa mita 20 hivi, migongo ikiegemea shina, na msubiri dakika 40 bila kuzungumza. Dakika kumi za mwanzo hazitakuwa na kitu. Zivumilieni, kwa kuwa hizo ndizo dakika ambazo msitu unawasahau.

Baada ya hapo huja hondohondo, na mtamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa mabawa yake hayana yale manyoya madogo yanayofunika mashina ya manyoya makubwa kwa chini, hivyo hewa hupita katikati na kuvuma kama mtu anayepepea ungo. Huja kima, ambao tofauti na mbega hupenda matunda na hutembeatembea mchana kutwa. Katika bonde la Zigi, lililo chini zaidi kuliko Amani penyewe, huja shorobo wa kijani, ambaye akiruka hufunua mabawa mekundu, na wekundu huo unatokana na rangi yenye shaba ndani yake, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ndege. Hondohondo, nitaje kwa pembeni, ana lawama yake: wakulima wa misitu walileta Amani mti wa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, na hondohondo aliyapenda matunda yake akatawanya mbegu hadi ukaenea katika mianya yote ya msitu wa asili. Watunza hifadhi wanahangaika nao mpaka leo. Mkiona mti mrefu wenye majani ya meno meno umekua peke yake katikati ya mwanya, huenda ni huo.

Kitu cha pili cha kukalia ni siafu. Najua hakuna aliyelelewa kijijini ambaye anakaa karibu na siafu kwa hiari yake, na simshauri mtu akae karibu. Mita tano pembeni zinatosha, suruali ikiwa imechomekwa ndani ya soksi. Msafara wa siafu unapotandaa msituni huamsha panzi, buibui, mende na kila mdudu aliyejificha kwenye majani makavu, na wako ndege wanaoishi kwa kufuata misafara hiyo na kuokota wanaokimbia. Ndege hao ni wa kahawia, wanyamavu, wanaopenda giza la chini, na siku nyingine mtu hawaoni hata akitembea wiki nzima. Penye siafu wanaruka miguuni mwako.

Cha tatu hakikaliwi, bali hupita, nacho ni kundi la ndege mchanganyiko. Msituni ndege wengi wadogo wa jamii mbalimbali husafiri pamoja, wengine wakitafuta wadudu kwenye magome, wengine kwenye majani ya juu, wengine chini, kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema. Matokeo yake ni kwamba msitu huwa kimya kwa nusu saa, kisha ghafla kila tawi lina mtu, kisha kimya tena. Anayetembea haraka huenda akawa daima kati ya kundi moja na lingine. Likiwafikia, simameni papo hapo, na kila mmoja achague ndege mmoja tu wa kumfuata kwa macho. Anayetaka kuwaona wote humaliza na sauti za milio na shingo inayouma.

Binti yenu, nadhani, atawashinda wote kwa kitu kimoja: sange. Huyu ni mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba, mgongo wa nyuma mweusi na mabega ya rangi ya kutu. Hufukua majani makavu mchana kutafuta wadudu, na hujenga viota vya majani ardhini. Anasikika kama mtu anayepekuapekua karatasi, na mtu mzima humpuuza akidhani ni kuku au mjusi. Mtoto aliye karibu na ardhi, na asiye na aibu ya kusimama kila anaposikia mchakacho, humwona. Mwambieni tu asielekeze kidole kwa ghafla. Aseme kwa kunong'ona, kwa mfano, "kwenye mzizi, kulia".

Kisha kuna usiku, ambao nyinyi hamkuutumia kabisa. Vinyonga wa Usambara, ambao mchana huwezi kuwatofautisha na jani, usiku hupauka na kulala kwenye ncha za vijiti vyembamba, mahali ambapo nyoka hawezi kufika bila kutikisa kijiti na kuwaamsha. Tochi ikielekezwa pembeni ya njia huwaonesha kama vipande vya karatasi nyeupe. Mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya, yaani kundi la spishi zenye ukaribu, kwa ajili ya vinyonga wa milima yetu na ya nchi jirani waliiita Kinyongia, na jina hilo, kama mnavyoona, halikuhitaji kusafiri mbali. Wako wenye pembe mbili puani, na wako wadogo wenye kimo cha kidole wanaoiga jani kavu hata wakiwa mkononi, ingawa ningewaomba msiwashike. Kwenye majani ya kimo cha goti mtaweza kumkuta pia chura mdogo sana wa jenasi ya Nectophrynoides, ambaye hatagi mayai majini bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mtasikia ukelele wa kutisha unaopanda ngazi kwa ngazi kutoka juu ya mti. Huyo ni perere, mnyama asiyezidi paka kwa ukubwa, na ukoo wake ulio karibu ni wa tembo. Mwelezeni mtoto mapema, au atataka kurudi Dodoma usiku huo huo. Matembezi ya usiku yafanyeni na mwongozaji aliyesajiliwa kwenye lango la Zigi, palipokuwa kituo cha mwisho cha reli ndogo ya Wajerumani, wala msiende wenyewe.

Kuhusu darubini nitasema machache. Nunueni au azimeni yenye alama 8x42 (inakuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42), si 10x42 wala zile ndogo za mfukoni. Ukuzaji wa mara kumi hupunguza eneo unaloliona na kukuza mtetemeko wa mikono, na chini ya miti unachohitaji zaidi ni mwanga. Darubini moja kwa watu watatu ni chanzo cha ugomvi.

Sasa bahari, na hapa maelezo yako yamenisaidia sana, Mwalimu, kwa kuwa umetaja mwezi. Uliposema mwezi ulikuwa mpevu, ulinipa jibu lote. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja na tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita tatu na nusu au zaidi katika pwani ya Tanga, ndani ya saa sita tu. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha huanza kurudi. Mkondo wa maji yanayorudi hauwi sawa muda wote. Huanza taratibu, huwa mkali zaidi katikati, yaani saa ya tatu na ya nne, kisha hulegea. Nyinyi mliingia majini saa saba. Mliingia, kwa maneno mengine, kwenye saa mbaya kuliko zote za siku iliyo mbaya miongoni mwa siku mbaya za mwezi, na ilikuwa Juni, wakati upepo wa kusi unavuma na kuchafua bahari. Samaki walikuwapo, wamejibanza nyuma ya matumbawe kama ambavyo mwenye busara angefanya.

Nahodha aliyewapeleka angeweza kuwaambia haya, na manahodha wengi huyajua tangu utotoni. Lakini mgeni akifika na pesa mkononi na kusema "twende leo", ni wachache watakaomwambia "njoo wiki ijayo". Mimi mwenyewe, kijana na mjuzi wa vitabu, niliwahi kumlazimisha nahodha mmoja anipeleke siku ya bamvua kwa sababu likizo yangu ilikuwa inaisha. Alinipeleka bila kusema neno, akakaa ndani ya boti akinitazama nikipelekwa na mkondo, kisha akaja kunichukua mita mia tatu kutoka nilipoanzia. Tangu hapo swali langu la kwanza ufukweni ni lile wanalouliza wavuvi: leo mwezi ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame?

Siku mnazozitaka ni za maji mafu, yaani takriban mwezi 7 hadi 10, na tena mwezi 21 hadi 24, mkihesabu kwa mwezi unaoandama na si kwa kalenda ya ofisini. Siku hizo maji hayaendi mbali, mikondo ni dhaifu, na mchanga hutulia. Uzuri wake wa ziada ni huu: kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, baada ya wiki moja ratiba yote inakuwa imegeuka, na siku za maji mafu maji huwa yanajaa tangu alfajiri hadi karibu na saa nne asubuhi. Maji yanayojaa hutoka bahari kuu na ni safi kuliko yale yanayopwa, ambayo huwa yamepita juu ya mchanga na mikoko. Ondokeni ufukweni saa moja na nusu, muwe majini kabla ya saa tatu, na mtoke kabla upepo wa mchana haujaanza.

Maziwe, kwa asiyeijua, ni tuta la mchanga lililozungukwa na mwamba wa matumbawe, kilomita zipatazo 8 kusini-mashariki ya Pangani, na ni eneo tengefu. Lilikuwa kisiwa chenye mivinje. Mivinje ikaisha, mchanga ukaliwa na mawimbi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji makubwa hulifunika lote. Msitarajie kivuli.

Mkishaingia majini, fanyeni kile kile mlichofanya chini ya mkuyu. Msiogelee kuzunguka mwamba wote. Chagueni jiwe moja la matumbawe, lenye ukubwa wa chumba, mlielee juu yake dakika 20. Na kwenye mwamba pia kuna kitu cha kukalia. Tafuteni mahali ambapo samaki wakubwa wamesimama kwa namna ya ajabu, kichwa juu au mdomo wazi, kana kwamba wamesahau kuogelea. Hapo ni kwa kinyozi. Samaki mdogo mwembamba wa buluu, mwenye mstari mweusi ubavuni na urefu wa kidole, ana makao yake hapo, na samaki wengine huja kwake ili awaondolee vimelea kwenye magamba, ndani ya matamvua, hata kati ya meno. Chewa anayeweza kummeza kwa pumzi moja humwachia aingie mdomoni na kutoka. Ukikaa mahali hapo huhitaji kumfuata samaki yeyote, kwa sababu wote watakuja zamu kwa zamu, na wale watakaokuja watakuwa wametulia. Yupo tapeli pia, samaki wa jamii nyingine mwenye rangi na mstari ule ule, ambaye hujifanya kinyozi, na mteja akishatulia humng'ata kipande cha ngozi na kukimbia. Mkiona mteja ameshtuka ghafla, mmeushuhudia utapeli huo.

Sikilizeni pia. Masikio yakizama, mtasikia mlio wa kudumu kama wa mafuta yanayokaanga. Huo unatoka kwa kamba wadogo wanaofyatua gando moja kwa nguvu, na mwamba wenye uhai huwa na kelele. Juu ya mlio huo kuna sauti ya kukwaruza, nayo ni pono anayetafuna mwamba kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku ili ale mwani ulio juu na ndani yake. Mawe anayoyameza huyasaga na kuyatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe, mtalishuhudia hilo likitokea, na binti yenu atacheka. Waambie wanafunzi wako kwamba sehemu ya mchanga mweupe unaosifiwa kwenye kadi za posta ilipitia huko.

Vitu vingi kwenye mwamba vitawaonekania vya kijivu, na hilo msilaumu mwamba, kwani maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza, na mita chache chini samaki mwekundu huonekana wa kahawia. Ndiyo maana ninapendelea sehemu zenye kina cha mita moja na nusu hadi mita tatu, ambazo ndizo zinazowafaa hata wasio waogeleaji hodari. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, akitoa kichwa shimoni na kufunguafungua mdomo, hatishi, anapumua. Mkiona matumbawe meupe pe, yamepoteza mwani unaoishi ndani yake kwa sababu ya joto. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi katika upande huu wa Bahari ya Hindi, ingawa yanayopauka hayajafa yote, na maji yakipoa mapema huweza kurudi. Wala msitarajie silikanti, samaki wa kale anayevuliwa katika maji ya Tanga tangu miaka ya 2003 na 2004 na aliyefanya eneo hilo litangazwe hifadhi ya bahari mwaka 2009. Mchana hukaa mapangoni kwenye vina vya zaidi ya mita mia moja, na wanaomwona ni wavuvi wa jarife, kwa bahati mbaya yake.

Mume wako alimeza maji kwa sababu miwani haikumkaa, nina hakika karibu kamili. Kabla ya kukodi, mtu aweke miwani usoni bila kufunga mkanda, avute hewa kwa pua na aachie mikono, isipodondoka inamfaa. Ndevu huvujisha. Mtoto wa miaka tisa anahitaji miwani ya kitoto na mrija mfupi, la sivyo atapumua hewa yake mwenyewe iliyotumika. Siku moja kabla, mkae naye ufukweni Ushongo kwenye maji ya kiunoni, ajifunze kupumua akiwa ameinamisha uso tu, bila kuogelea popote. Siku ya safari avae jaketi la kuokolea, wala si aibu, kwa kuwa linamwezesha kuelea kifudifudi bila kupiga miguu, na asiyepiga miguu ndiye anayeona. Nanyi pia vaeni majaketi hayo. Vaeni fulana za mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua mgongo mzima, maana mafuta hayo huishia kwenye matumbawe.

Jambo moja ni amri: msisimame juu ya mwamba, hata kwa kuchoka. Mguu huvunja tumbawe lililokua kwa miaka, na wako samaki wenye miiba ya sumu ambao huwezi kuwatofautisha na jiwe. Aliyechomwa alowekwe mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa au zaidi, wakati anatafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Joto hupunguza makali ya sumu hiyo. Muwe na chupa ya chai yenye maji ya moto ndani ya boti.

Kati ya Desemba na Juni, mimi ningechagua nusu ya pili ya Desemba. Mvua za vuli zinakuwa zinakwisha, msitu umelowa, na vinyonga na vyura wako nje. Upepo wa kaskazi umeanza na bahari ni safi zaidi kuliko wakati wa kusi. Angalieni mwezi, mpange Maziwe iangukie kwenye maji mafu, na Amani ichukue siku tatu za mwanzo; barabara ya kupanda kutoka Muheza huteleza baada ya mvua, hivyo ondokeni mapema.

Lakini kama shule itawaachia Juni tu, msikate tamaa na msilazimishe boti. Kasa bado hupanda kutaga kwenye tuta la Maziwe, na kwa kuwa maji makubwa hulifunika, mayai yakiachwa huko hufa, kwa hiyo wahifadhi huyahamisha kwa boti na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa bara kule Ushongo. Huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa, na kwa kuwa utagaji mwingi huwa katika miezi ya kwanza ya mwaka na wakati wa masika, watoto wa kasa huonekana sana karibu na Juni na Julai. Ulizeni kabla hamjaondoka Dodoma ni kiota gani kinatarajiwa kufunguka na siku gani, kisha muwepo kuanzia saa kumi jioni. Kaeni nyuma ya kamba, msiwashe tochi wala kupiga picha kwa mwanga, na mwacheni binti yenu akae mbele.